Kukata Tikiti ya Tamthilia: Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kitale na Bungoma katika Kumbi za Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kuandikiwa makala katika jarida la wanafunzi na wahadhiri: namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyoteua onyesho la tamthilia na kununua tikiti anaposafiri kwenda mji mkuu. Msomaji ana haki ya kuuliza iwapo kazi hiyo si ya mtalii au ya mtu mwenye fedha za kuchezea. Jibu letu ni kwamba kwa mwanafunzi anayesomea Bungoma na ambaye kwao ni Kitale, uteuzi huo ni tendo la uhakiki, na aghalabu ni tendo la kwanza la uhakiki analolifanya bila mwalimu kumwelekeza. Nauli anayolipa ndiyo inayomfundisha kuhakiki kwa makini.

Tangu kidato cha tatu hadi mwaka wa nne chuoni, mwanafunzi huyu huandika insha juu ya jukwaa, maleba, pazia, mwangaza na hadhira. Anaweza kueleza dhima ya maelezo ya jukwaani katika tamthilia yoyote iliyotahiniwa. Hata hivyo, wengi wetu tumehitimu shahada ya kwanza bila kuwahi kuketi katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza, taa zikazimwa, pazia likafunguliwa. Tunahakiki tamthilia kama mtu anayeeleza ladha ya samaki wa Pwani kwa kusoma orodha ya vyakula. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao hadi mwaka wa tatu wa masomo yake, na sehemu kubwa ya yanayofuata imetokana na safari mbili alizozifanya pamoja na wenzake, moja iliyoharibika na nyingine iliyofaulu.

Suala la istilahi

Kabla ya kusafiri hatuna budi kukubaliana juu ya maneno. Tamthilia, kama inavyotumiwa katika madarasa yetu, ni utungo ulioandikwa. Onyesho ni lile tukio la jioni moja ambalo hutokea na kutoweka. Neno mchezo wa kuigiza hubeba maana zote mbili, na ndiyo sababu mabango ya mjini huweza kumkanganya msomaji: anasoma jina la kitabu anachokifahamu na kudhani amekwisha kukijua atakachokiona. La hasha. Kitabu kimoja huzaa maonyesho mengi, na tikiti hununuliwa kwa ajili ya onyesho.

Neno tikiti lenyewe lina mzaha wake. Wakenya wengi huandika tikiti, ilhali wenzetu wengi wa Tanzania hupendelea tiketi, na kwa hakika wanaepuka balaa ndogo, kwa kuwa tikiti pia ni tunda. Anayesema amenunua matikiti mawili ameleta nyumbani vitu vya kuliwa. Anayesema tikiti mbili ameleta karatasi. Sarufi ya ngeli ndiyo inayomwokoa. Kisha kuna kitenzi. Waswahili hukata tikiti, iwe ya basi au ya mchezo, kwa kuwa zamani karatasi hiyo ilikatwa kutoka kitabuni mbele ya macho ya mnunuzi, kipande kimoja kikabaki kwa muuzaji kama ushahidi. Siku hizi hakuna kinachokatwa: ujumbe huingia kwenye simu. Kitenzi kimebaki ingawa kipande cha ushahidi kimetoweka, na tutaona baadaye kwamba upungufu huo si wa lugha tu.

Kiingilio nacho ni neno pana zaidi. Ni malipo ya kuruhusiwa kuingia, iwe kuna karatasi au hakuna. Shuleni tulilipa kiingilio. Hatukuwahi kukata tikiti.

Hadhira inayoalikwa na hadhira inayonunua

Haitakuwa haki kudai kwamba Bungoma na Kitale hazina sanaa za maonyesho. Kila mwaka wa tarakimu shufwa, mwezi wa Agosti unapokaribia, mvulana wa Kibukusu anayetarajia kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga za mikononi ziitwazo chinyimba, akiandamana na waimbaji, ili kuwaalika waje kumshuhudia. Kwa mjomba wake huchinjiwa na kuvishwa ukanda wa nyama shingoni. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa matope, kisha akarudishwa nyumbani kwa wimbo, akasimama wima mbele ya umati. Hapo pana maleba, pana njia ya kuingilia jukwaani, pana hadhira ambayo inajua wakati wa kuimba na wakati wa kunyamaza. Lakini hapana tikiti. Hadhira imeitwa kwa majina, na atakayekosa kufika ataulizwa.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu iwapo matukio ya namna hii yaitwe drama. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisita kukubali kwamba drama ilikuwa utanzu uliokua na kuenea barani humu. Ndyanao Balisidya na Penina Muhando walilitazama suala hilo kwa jicho jingine katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu kilichotoka mwaka 1976, na istilahi hiyo pana ya sanaa za maonyesho imetufaa sana tangu hapo. Hatutaurudia mjadala huo hapa. Tunachotaka kukionyesha ni tofauti moja ambayo haijaandikwa vya kutosha: mwalikwa hana hiari, mnunuzi anayo. Aliyelelewa katika hadhira ya kualikwa anapofika mjini huwa hajui kuteua, kwa sababu nyumbani hakuwahi kuhitaji kufanya hivyo.

Shule haikutusaidia katika hilo. Makundi ya waigizaji huzuru shule za Trans Nzoia na Bungoma yakiigiza vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne: wakati mmoja Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, baadaye Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, na baada yake Bembea ya Maisha, ambayo pia ni ya Arege. Onyesho hufanyika katika bwalo la shule, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na harufu ya maharagwe ingalipo. Tunayaheshimu makundi hayo. Mengine yana waigizaji hodari kupindukia, na bila wao watoto wengi wa magharibi mwa Kenya wasingeona lolote. Ila kitabu kimeteuliwa na wakuu wa mitaala, siku imeteuliwa na mwalimu mkuu, kiingilio kimekusanywa na kiranja wa darasa. Mwanafunzi huketi tu.

Ukumbi wa Taifa na swali la siku

Nairobi ina kumbi kadhaa, lakini ule unaomhusu zaidi mwanafunzi wa Kiswahili ni Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, ulio kwenye barabara ya Harry Thuku, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi na mkabala na Hoteli ya Norfolk. Ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ambapo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kwa miaka mingi jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya Kizungu, hata baada ya uhuru.

Kuna kisa cha mwaka 1976 ambacho kila anayekata tikiti pale angefaa kukijua. Tamthilia mbili zilikuwa zimeteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka 1977: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, mwana wa Maragoli, si mbali na kwetu. Zilipotaka kuonyeshwa Nairobi mnamo Oktoba, watayarishaji waliambiwa kwamba siku zilizobaki ni chache, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeahidiwa kwa maonyesho ya kigeni. Ukumbi wa taifa ulikuwa na nafasi finyu kwa tamthilia za taifa. Ngũgĩ amelisimulia jambo hilo katika maandishi yake, na mwaka uliofuata akaelekea Kamirithu, ambako Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, iliigizwa na wanakijiji katika ukumbi wa wazi kabla ya kunyimwa kibali mwezi Novemba 1977.

Mwezi Mei 2022 tamthilia hiyo hiyo iliigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa uliokuwa umekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Iliigizwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika maonyesho tofauti. Huu ni mfano bora kwa somo letu. Jina kwenye bango ni moja na waandishi ni wale wale, lakini mnunuzi asiyeangalia saa na siku angeweza kujikuta ameketi mbele ya lugha asiyoielewa, au, kwa upande mwingine, angekosa lugha iliyouzaa utungo huo. Kiswahili hakikuwamo. Kinaya ni kwamba mwaka 2012 wakazi wa London waliweza kukata tikiti kuingia Globe na kuitazama The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare ikiigizwa kwa Kiswahili na waigizaji kutoka Nairobi.

Kuteua

Tunarudi kwa mwanafunzi wetu. Wikendi ya kawaida jijini huweza kumpa chaguo la vichekesho vya Kiingereza kilichochanganywa na Sheng, ambavyo ndivyo vinavyojaza viti zaidi. Mchezo wa nyimbo na ngoma. Onyesho dogo la majaribio katika kituo cha utamaduni cha kigeni, kama vile Alliance Française au Taasisi ya Goethe. Na, akibahatika, onyesho la kitabu teule cha Kiswahili. Mengi huwa kati ya Ijumaa na Jumapili. Maonyesho ya vitabu teule aghalabu huwa ya mchana, siku za shule, kwa ajili ya mabasi ya wanafunzi.

Wenzangu wengi walishikilia kwamba vichekesho visifikiriwe, maadam sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na Sheng si taaluma yetu. Sikubaliani nao. Anayetaka kujua jinsi hadhira ya leo inavyoitikia lugha jukwaani atajifunza mengi katika vichekesho, kwa sababu kicheko hakidanganyi: utasikia neno gani la Kiswahili limewafikia watu na neno gani limepita juu ya vichwa vyao. Tatizo langu na vichekesho ni jingine. Fedha zetu zilitosha onyesho moja, na kichekesho tungeweza kukiona bila maandalizi wakati mwingine. Utungo tuliokuwa tumeusoma mstari kwa mstari ulikuwa na faida ya pekee, yaani tungejua kilichoongezwa, kilichoachwa na kilichohamishwa. Kwa hiyo kigezo changu ni hiki: katika safari ya kwanza, teua tamthilia uliyoisoma, katika safari ya pili, teua ile ambayo hujawahi hata kuisikia.

Kigezo cha pili ni mwelekezi na kundi. Mwandishi hutangazwa kwa herufi kubwa, mwelekezi kwa herufi ndogo, ilhali ni mwelekezi atakayeamua iwapo onyesho litachukua saa tatu au dakika sabini. Makundi mengine ya vitabu teule hukata maonyesho mazima ili kuwahi shule nyingine alasiri. Uliza onyesho ni la muda gani. Swali hilo moja litakueleza mengi.

Kukata tikiti

Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takriban kilomita 380, na kutoka Bungoma ni zaidi kidogo, kupitia Webuye, Eldoret na Nakuru. Anayeondoka alfajiri hufika alasiri, amechoka, magari yakiwa yamesongamana. Onyesho la saa tisa alasiri halimfai siku ya kusafiri. La saa kumi na mbili na nusu jioni humlazimu kulala. Tuchukulie kwamba nauli ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, malazi ni 800, na tikiti ni 500. Jumla ni 4,300, na tikiti ni chini ya thuluthi ya nusu ya jumla hiyo. Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo. Mkazi wa Nairobi akikosea kuteua amepoteza bei ya tikiti. Mwanafunzi wa Bungoma akikosea amepoteza chakula cha mwezi.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwaka 2018. Tulikuwa wanafunzi 14. Tulituma fedha kwa simu, wiki mbili mapema, kwa mtu aliyekuwa akikusanya malipo ya kundi fulani, tukapata jibu fupi la kutukaribisha. Tulipofika mlangoni Jumamosi jioni tuliambiwa kwamba onyesho limeahirishwa hadi Jumapili. Hakuna aliyekuwa ametuarifu. Basi letu lilikuwa limelipiwa liondoke Jumapili alfajiri. Mlinzi, mzee mpole, alitutazama na mifuko yetu akasema, "Poleni sana, wanangu. Hapa tunaona hivi mara nyingi." Nusu ya fedha ilirudishwa miezi miwili baadaye. Mwenzetu mmoja, ambaye mamake alikuwa ameuza kuku watatu sokoni Chwele ili aandamane nasi, hakusafiri tena mwaka uliofuata, wala hatukuwa na uso wa kumshawishi.

Kosa halikuwa la mkusanyaji peke yake. Ujumbe wa malipo kwa simu, huduma ambayo Kenya imeizoea tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, huthibitisha kwamba fedha zimehama kutoka mtu hadi mtu. Hauthibitishi kwamba umepewa kiti, siku wala saa. Sisi tuliuchukulia kuwa tikiti. Kile kipande kilichokuwa kikikatwa zamani kilibeba tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa mkataba kati ya ukumbi na mtazamaji.

Mwaka 2019 tulifanya tofauti. Kwanza, tulimpigia simu mtayarishaji mwenyewe, wala si rafiki wa rafiki, tukaomba nambari ya malipo yenye jina la kundi. Pili, tuliomba ujumbe mwingine, mbali na ule wa malipo, unaotaja jina la tamthilia, siku, saa, idadi ya viti na lugha. Tatu, tuliuliza bei ya kundi, na kumbe ipo kwa wanafunzi wenye vitambulisho, ila haiandikwi kwenye bango. Nne, na hili tulifundishwa na mhadhiri wetu, tulipiga simu tena Alhamisi kabla ya kulipa nauli. "Nauli hulipwa mwisho," alisema Mwalimu, naye alikuwa amewahi kusafiri bure mara mbili. Tatizo moja lilijitokeza hata hivyo: mlangoni walikuwa wameandika viti 11 badala ya 14. Ujumbe ule wa pili ndio uliowaingiza watatu waliosalia.

Yapo mambo ambayo tikiti haiwezi kuyadhamini. Mwaka 2013 tamthilia ya Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ilizuiwa kufika tamasha la kitaifa la shule hadi mahakama ilipoingilia kati. Mwezi Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilipeleka Echoes of War katika tamasha la Nakuru. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Polisi wakarusha vitoa machozi kuwatawanya watu waliotaka kutazama, na wasichana wakaondoka jukwaani baada ya kuimba wimbo wa taifa. Pale hadhira ilikuwapo, utungo ulikuwapo, hata haki kisheria ilikuwapo. Butere ni mwendo mfupi tu kutoka Bungoma. Anayedhani kwamba siasa za ukumbi ziliisha na mwaka 1977 akumbuke siku hiyo.

Kilichoonekana

Tuliyoiona mwaka 2019 ilikuwa Kigogo. Tulikuwa tumeisoma, tumeifundisha katika mazoezi ya ualimu, tumeandika juu ya udhalimu wa Majoka mpaka kalamu zikachoka. Onyesho la kwanza huanza katika karakana sokoni Chapakazi, ambako Sudi na wenzake wanachonga vinyago, na Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea keki. Sudi anakataa kuila. Darasani tulikuwa tumeorodhesha tukio hilo chini ya kichwa "msimamo thabiti", alama mbili.

Jukwaani Sudi alikuwa akichonga tangu pazia lilipofunguliwa, na mlio wa tezo uliendelea chini ya mazungumzo yote, polepole, kiasi kwamba tuliacha kuusikia. Kenga alipomsogezea keki, mlio ukakoma. Sudi hakusema kitu kwa muda ambao ulituchosha. Nyuma yetu mtoto akauliza kwa sauti, "Mbona hali?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Ndipo tezo ikaanza tena, na tukajua keki imekataliwa kabla hajatamka neno.

Njiani kurudi, kuanzia Nakuru hadi Timboroa, tulibishana iwapo kimya kile kilikuwa cha mwandishi au cha mwelekezi. Mwenzetu mmoja alitoa kitabu begini akatafuta kwa mwanga wa simu. Alisoma ukurasa ule mara tatu, akaupitisha kitabu kwa aliyeketi nyuma yake, naye akausoma.